Upepo Kwenye Dizeli

Shamsa alizungusha ufunguo tena. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Dizeli ilimwishia njiani, gari likasukumwa hadi kituo hiki cha mafuta. Sasa tangi limejaa, lakini gari lake lenye kitanda ndani haliwaki, na ng'ambo ya kilima binti yake yuko leba.

"Mwanangu, utamaliza betri," alisema Bi Andazi, fundi wa pale kituoni. "Mpira wa dizeli umeingia upepo. Njoo ubonyeze pampu hii."

"Nimechelewa, mama!"

"Ndiyo maana nakupa kazi."

Shamsa akabonyeza. Fundi akalegeza nati ya filta, akakinga dizeli kwa kanga yake isimrukie mgeni. Likatoka povu, povu likapungua, kisha dizeli tupu. Akakaza nati.

Shamsa akashika ufunguo. Mbele, kabla injini haijawaka, Bi Andazi alikwisha kuinama, akiondoa jiwe chini ya gurudumu.