Komeo la Nje

Ndila alipofunga mlango wa nyumba yake kwa mara ya kwanza, alipapasa ubao akitafuta komeo, akalikosa.

Mwaka huo wa 2002, kanisa lilikuwa limewajengea vijana waliolala sokoni Machakos vijumba vya mabati. Ndila mwenyewe alibeba mchanga na kuchanganya simiti mpaka viganja vikachubuka. Sasa alikuwa na kitanda chake, na dirisha dogo lisilopitisha hata kichwa.

Akafungua, akachungulia. Komeo lilikuwa nje, jipya, bado lina mafuta.

"Mama, mbona komeo liko huku?" akamwuliza msimamizi wa vijumba, aliyekuwa akija na kufuli mkononi.

"Tutakuwa tunawafungia kila jioni mpaka asubuhi. Ni kwa usalama wenu. Hatutaki mambo ya kuzurura."

"Na nyumba ikishika moto?"

"Shetani ashindwe! Ingia, mwanangu, nifunge. Wenzako wanangoja."

Ndila alitazama blanketi lililokunjwa juu ya mto, mto wa kwanza maishani mwake.

Msimamizi alipogeuka kumwita jirani, Ndila aliokota nyundo iliyosahauliwa na fundi kando ya ukuta, akaificha ndani ya leso aliyojifunga, akaingia.

"Funga, mama," akasema.