Karani Ndani ya Mahindi

Karani Elphas Walubengo aliruka ndani ya mahindi akiwa na tai shingoni na kikombe cha chai mkononi. Hiyo ilikuwa mara ya saba mwaka huo wa 1968, na chai haikumwagika. Mtu huzoea. Kabla mahindi hayajarefuka alikuwa akikimbilia chooni.

Njiani alikuwa akija mama mkwe wake, Mama Musimbi, akipunga kikaratasi juu kama polisi wa barabarani. Kwa watu wa Walubengo, mwanaume hatazamani na mama wa mke wake. Hampi mkono, hali naye, na chini ya paa lake halali hata mvua inyeshe mawe. Wengine siku hizo walishaanza kulegeza. Walubengo hakulegeza hata tai.

Na sasa alikuwa na mahali pake mwenyewe pa kujifichia, msimcheke. Kampuni yao ya kuchangiana ilikuwa imenunua shamba la mzungu mmoja karibu na Soy, ikalikata vipande ishirini, watu wakapiga kura. Walubengo akaokota kikaratasi cha namba nane. Sekretari wa kampuni, Mzee Kiprotich, aliposimama kueleza vipande vinahesabiwa vipi, Walubengo alivaa kofia yake.

"Mzee, mimi ni karani," alisema. "Kuhesabu mpaka nane nilifundishwa nikiwa na kamasi."

Akatoka maelezo yakiendelea, akahesabu vipande nane kutoka barabarani, akachomeka fimbo. Udongo mweusi, ardhi imelala kama mkeka. Mungu humjua msomi. Wiki iliyofuata alirudisha chumba chake cha landhi, zile nyumba za wafanyakazi, mjini Eldoret na kuwaaga majirani mmoja mmoja, polepole, ili wivu uwaingie vizuri. Kilichobaki ni karatasi ya shamba, ambayo ingetolewa mwisho wa mwaka, na fremu ya kuitundika alishainunua.

Mama Musimbi naye alikuwa amenunua kipande, kwa pesa za kuuza pombe ya busaa. Hilo lilimchekesha Walubengo mpaka akakohoa.

"Mwanamke na shamba ni kama kuku na miwani," alimwambia mkewe, Rosebella.

Kipande chenyewe kiko wapi, hakuuliza. Mama mkwe aliendelea kukaa kwa mwanawe kule Plateau, akisema hana haraka ya kujenga, nyumba huja yenyewe. Uzee huo, Walubengo alisema.

Lakini kwa mtu asiye na haraka, alikuwa na maneno mengi. Yote yalipitia kwa Rosebella. Januari, mabati yakipanda, alituma kwamba mlango uelekee mashariki. Walubengo akauliza tangu lini mama mkwe akamchagulia mkwe mlango. Alikula ugali baridi siku tatu, mlango ukaelekea mashariki. Machi alituma kwamba kisima kisogezwe mbali na choo. Aprili alituma miche sita ya avokado, ipandwe kando ya geti, na imwagiliwe.

Ila la kile kikaratasi hakulituma. "Hilo nitamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe," alimwambia Rosebella. Na kila alipokuja kulisema, mkwe aliruka.

Majirani walipopita walitazama mabati, wakatazama kisima, wakakohoa. Walisema mambo ya familia si yao. Walubengo aliwahurumia. Wivu ni ugonjwa kama malaria.

Juni, Rosebella alijifungua msichana. Kitovu kilizikwa chini ya mgomba nyuma ya nyumba, na Walubengo mwenyewe akashindilia udongo kwa buti, kusudi mtoto ajue kwao ni wapi.

Agosti ikawa zamu ya Wafula, kifungua mimba, kutahiriwa. Wazee walipanda gari la moshi kutoka Bungoma. Kwao kijana husimama mbele ya kisu katika uwanja wa baba yake. Anayesimama kwa watu wa mama yake huchekwa mpaka kaburini, na baba yake huchekwa zaidi. Basi alfajiri, mzee mkubwa akauliza kama inavyopasa: huu uwanja ni wa nani?

"Wangu," Walubengo alisema, akajipiga kifua kwa sauti. "Mtoto wangu hasimami kwa wajomba."

Nje ya ua, Mama Musimbi alikuwa amewapa mgongo kwa heshima. Mabega yake yalitikisika. Watu walisema anamlilia mjukuu.

Wafula hakupepesa jicho. Ng'ombe akachinjwa, na ule mwaka ukawa hauna doa.

Desemba, magunia yakiwa tayari ghalani, Mzee Kiprotich alikuja na mpima ardhi na karatasi zenyewe. Walubengo alifunga tai mpya, akapiga misumari ya fremu ukutani, akaita watu. Mama Musimbi pia alikuja, akasimama pembeni, uso kwenye avokado.

Kiprotich alianzia chini kabisa, bwawani, akihesabu huku akipanda kuelekea barabarani. Kwenye namba nane, kule penye mawe, matete na vyura, alipigilia kigingi na kuita, "Walubengo!" Walubengo akampungia mkono, akafurahi kwamba anakumbukwa hata kabla ya zamu yake.

Wakaendelea kupanda. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Wakafika mbele ya mlango uliotazama mashariki.

"Kumi na tatu," alisema Mzee Kiprotich, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Mama Musimbi."

Walubengo akatafuta mahindi ya kurukia. Yalikuwa yamevunwa.

Mama Musimbi alimpa mgongo kama heshima inavyotaka, akasema na binti yake, "Rosebella, mwambie mkwe wangu asante. Mlango ameuelekeza vizuri."