Kisahani Kilichonyamaza

Seli za maabara ya Tunu zilitengenezwa zing'ae kijani kila zinapowapigia jirani zao yowe kwamba virusi vimeingia. Kisahani alichodondoshea makohozi ya mtoto aliyelazwa kilibaki giza tupu, naye akaandika kifunikoni: Salama, arudi nyumbani.

"Umetia rangi ya kuonyesha virusi?" akauliza Dakta Shekimweri, mkuu wake.

"Ya nini, Dakta? Seli hazijalia."

"Tia, mwanangu."

Akatia, akainamia hadubini. Kisahani kizima kilikuwa chekundu kwa virusi.

"Virusi hivi vina protini moja," Dakta akasema kwa sauti ya chini. "Inaiziba seli mdomo kabla haijaita."

"Ya Rabi! Moja tu?"

Tunu akayafuta maneno ya kifunikoni kwa kidole gumba, akainamia tena hadubini. Pembeni kabisa mwa kisahani, seli moja ilikuwa inaanza kuwaka kijani. "Hii imefaulu kuita, Dakta," akasema.