Jua Lisiione Miche

"Funika! Jua lisiione!" Mama mkwe alinifokea kana kwamba mwizi ameingia uani.

Baridi ya usiku ilikuwa imeipiga miche yetu ya nyanya, na mbegu nyingine hatukuwa nayo. Majani yalilegea, yaking'aa kama yaliyochemshwa. Mimi nilidhani jua ndilo dawa, nikamwambia.

"Dawa gani? Jani likishapigwa baridi haliwezi kuutumia mwanga, linaungua tu. Likipata joto polepole, mche utachipua."

Tulitandua mashuka vitandani, tukashusha mapazia, hata gauni langu la harusi likaenda. Tuta la mwisho likabaki wazi, na jua lilishagusa ukuta wa jikoni.

Kanga ya mama mkwe isingetosha tuta zima. Akasimama upande wa jua, akaitandaza kwa mikono miwili juu ya kichwa. Kivuli kirefu kikaifunika miche yote.

"Mama, na moyo wako huo? Daktari alisemaje?"

"Daktari halimi nyanya. Kimbia kwa jirani, omba mashuka."

Nikakimbia. Getini nikageuka.

Jua lilikuwa bado chini kabisa, lakini kivuli cha Mama kilikuwa kinafupika, kanga ikishuka taratibu.