Mkate wa Mbege

Aikande alipofunua sufuria ya mkate, harufu ya mbege, pombe ya ndizi, ilijaa jiko zima, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba mama mkwe wake aliapa kanisani kutoionja pombe tena. Kwa wazazi wa Aikande unga wa mkate wa sikukuu huumuliwa kwa mbege, na mikono yake ilikanda kama ilivyozoea.

Ukoo wote ulikuwa umekaa uani ukisubiri. Mkate wa kwanza wa mke mpya humegwa na mama mkwe. Asipoumega, haugawiwi, na mke hubaki mgeni.

"Wifi, nyamaza tu," Ndeshi alimnong'oneza akicheka. "Sema ni hamira mpya ya mjini."

Aikande aliubeba mkate, akapiga goti. "Mama, nimeukanda kwa mbege. Nilisahau kiapo chako, unisamehe."

"Basi nileteeni mimi, sijaapa kitu!" mzee mmoja akadakia, watu wakaangua kicheko.

Mama mkwe hakucheka. Aliuinamia mkate, akavuta harufu yake, akafumba macho.

"Mwingine angeninyamazia," alisema taratibu, "nami ningekula."

Kidole gumba chake kikazama kwenye mkate wa moto. Mvuke ukapanda, akaumega bila kuuonja, na uani kote mikono ikanyooshwa kupokea.