Kichupa cha Nyanya wa Mraru

Nilimshika Profesa mkono kabla hajamwaga kichupa cha kwanza cha mkojo kwenye sinki la maabara. Bomba alikuwa ameshalifungua.

"Wakesho, niachie," alisema. "Mashine ya sumaku kule Nairobi, ile inayotafuta dalili za ugonjwa, inasoma mikojo minane kwa siku. Wewe umenikusanyia mia mbili, na mradi unafungwa Ijumaa."

"Inasoma minane kwa sababu mnaikausha kwanza, halafu kila mmoja mnaupimia saa nzima. Mimi niliupima wangu ukiwa mbichi, kwa dakika tano."

Nilibandika karatasi mbili za mashine kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, zote za mkojo wangu: ya saa nzima na ya dakika tano. Jua la Voi likazipenya. Vilima vya wino vya grafu hizo vililingana, kilele kwa kilele.

Alizitazama sana. "Utaratibu ni utaratibu," akasema, macho chini.

Hasira zikanipanda. Kwetu mtu hampi mgeni mkojo wake. Anaogopa kurogwa nao. Mwenye kichupa hiki, nyanya mmoja wa kijiji cha Mraru aliyevimba miguu asijue kwa nini, alinipa baada ya kuniuliza mimi ni mjukuu wa nani, na kuniapisha kwamba hautamwagwa ovyo.

Nikafunga bomba, nikamfumba Profesa vidole juu ya kichupa chenye jina la nyanya kwa mwandiko wangu.

"Gari liko nje, Profesa. Twende Mraru, ukaumwage mbele yake."