Mkate wa Buluo

Siku za kwenda Buluo, Angèle hakununua mkate karibu na kwao Panda. Alivuka mji wa Likasi kwa miguu mpaka Kikula, kwenye boulangerie ambako hakuna aliyemjua, akasimama kwenye foleni huku kitambaa chake cha kichwa amekishusha hadi kwenye nyusi.

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Umeme ulikuwa umekatika na tanuri lilichelewa kupata moto. Wamama wanaouza mikate mitaani walikaa juu ya mabeseni yao waliyoyageuza, wakipiga miayo. Harufu ya unga unaoiva ilipoanza kutoka, wote wakainuka kwa pamoja.

Kabla hajatoka nyumbani, Lambert, mume wake, alikuwa amemkuta akifunga viatu.

"Unaenda tena kwa ule muntu."

"Ninaenda."

"Angèle, minye sina nguvu tena. Kila mara unaenda kule, ni kama bananiua mara ya pili."

Tangu hukumu ilipotolewa, Lambert hakuwa amelitaja jina la Cédrick. Aligeukia ukuta, na Angèle akaufunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Mbele yake kwenye foleni alisimama mwanamke mnene, mwenye maneno mengi, aliyejitambulisha kuwa ni Jenny.

"Minye ninakuyaka hapa juu ya pains au lait," alisema. "Bile bimikate bilaini bya sukari. Mutoto wangu anarudia leo toka université ya Lubumbashi. Asipobikuta kwa meza, atanuna siku muzima." Akacheka. "Na weye, mama, uko na batoto ngapi?"

"Moja. Mwanaume."

"Anafanya kazi wapi?"

Angèle aliitazama mikate iliyokuwa ikipangwa nyuma ya kioo.

"Leo ninapeleka mikate Buluo," alisema.

Kicheko cha Jenny kikakatika. Likasi hakuna anayehitaji kuongeza neno gereza. Ukisema Buluo, inatosha.

Jenny alihudumiwa, akaondoka na mfuko wake bila kuaga. Angèle akaomba mikate mirefu miwili na pains au lait.

"Bimekwisha, mama," muuzaji alisema. "Ule mama wa mbele njo amebeba bya mwisho."

Angèle alikuwa akikusanya mikate yake aliposikia mkono begani. Jenny alikuwa amerudi kutoka mlangoni. Alimwekea mfuko wa karatasi mikononi, bado wa moto.

"Peleka. Wangu atakula beignets za kukaanga."

"Hapana, mama, wako anatoka safari..."

"Peleka, nakuambia. Hata kama alifanya mabaya ya namna gani, mutoto ni mutoto. Mama hawezi kumutupa."

Angèle aliukumbatia ule mfuko kifuani na kutoka nje bila hata kusema merci. Barabarani ndipo machozi yalipomshinda, na mwenye pikipiki aliyempakia hakumuuliza kitu hadi walipofika.

Kwenye lango la gereza, mlinzi aitwaye Alphonse aliikata mikate mirefu katikati kuona kama kuna kitu kimefichwa ndani. Pains au lait hakuzigusa.

"Mama ya Cédrick," alisema kwa upole, "weye peke yako njo unamukumbukaka. Bengine bote bamemusahau."

Angèle aliinamisha kichwa, akaingia.

Cédrick aliletwa kwenye chumba cha wageni. Zamani alikuwa kijana wa mabega mapana, wa kwanza kuitwa kila mechi ilipopangwa mtaani Panda. Sasa shati lilimning'inia kama limeanikwa. Alikaa kwenye benchi bila kuinua macho.

"Bonjour, mama."

"Kula."

Alianza na pain au lait. Aliinusa kwanza, kama alivyofanya tangu utotoni. Angèle mwenyewe ndiye aliyempa ya kwanza kabisa, kwenye baraza la nyumba, Cédrick akiwa bado na magoti yenye vumbi la shule.

"Unakohoa?"

"Kidogo."

"Bamekupatia dawa?"

"Bado."

"Nitaleta. Kula."

Alikula polepole, akimumunya kila tonge kwa muda mrefu, kama mtu asiyetaka chakula kifike mwisho. Angèle aliyatazama mataya yake yaliyochongoka, na mikono yake. Mikono hakuitazama sana.

"Mama," Cédrick alisema, "usikuye tena. Unachoka bure. Minye sistahili bintu hibi."

"Maliza kwanza."

Akamaliza. Angèle alifuta makombo mezani kwa kiganja, akayakusanya, akayatia kwenye mfuko mtupu. Upande wa pili wa chumba mlinzi alikuwa amegeuka, akizungumza na mwenzake. Angèle akasogeza benchi karibu, akaushika mkono wa yule kijana ili asiondoke.

"Sasa niambie tena," alisema taratibu. "Mutoto wangu Bertin, rafiki yako, ile siku ulimuua, kabla ya roho kumutoka, aliniita?"